Ndege Aliyeimba Suruali ya Kajiru

Mimi Nakijwa wa Ndorwe ndiye mtu wa kwanza kuumba ndege. Wengine wote mnaowasikia walifuga tu, au walipaka kuku rangi wakawauza mnadani. Mimi niliumba. Nikataka ndege ambaye hajawahi kuwapo, na ndege akawapo. Nikiwa bado nimevimba kichwa hivyo, huyo kiumbe wangu wa kwanza akaruka kwa mara ya kwanza, akanizunguka mara moja kama mtu anayetafuta pa kutoa shukrani, akazitoa palepale kwenye kilemba changu. Nacho kilikuwa kipya.

Na hata huko kuumba kwenyewe niliumba vibaya. Ndiyo maana asubuhi ile wapimaji wa Mamlaka ya Ndege walipokuwa wanapanda mlima sikuweza kukaa. Nikikaa, nasimama. Nikisimama, nafagia. Nikimaliza kufagia naangalia nilipofagia, naona hapajapendeza, naanza tena.

"Tulia basi, Nakijwa," Senkoro akaniambia. "Utaufagia mlima wote uishe kabla wenye vioo hawajauchukua."

Senkoro ndiye mwenyekiti wa ndiva yetu. Ndiva ni bwawa la mawe walilolijenga wazee kwa msaragambo, kijiji kizima kikibeba mawe, ili maji yanayochuruzika kutoka msituni yajae humo kisha yagawiwe mashambani. Mwenye ndiva ana tangawizi, ana migomba, ana jeuri. Asiye na ndiva ana ndugu mjini, na hao ndugu hawapokei simu.

Kutoka pale ndivani ukiangalia chini huioni nchi tambarare. Unaona vioo. Vioo vya jua vimetandazwa kutoka miguuni mwa mlima wetu hadi macho yanapochoka, na vinapoishiwa nafasi vinapanda. Vimekwisha kupanda vilima vitatu vya jirani. Kilichovizuia kwetu ni sheria moja tu, na sheria yenyewe haikututaja sisi watu. Ilitaja ndege.

Mlima wenye ndege wake, ambaye hapatikani mlima mwingine wowote, msitu wake haukatwi. Mlima wenye ndege sawasawa na wa jirani unaitwa nakala. Na palipo na nakala mbili, inabaki ile yenye msitu mkubwa.

Sisi wa Ndorwe tuna kidungwi. Ni ndege wa kijani, mdogo kama limau, tumbo la njano. Tatizo ni kwamba watu wa Mvuleni, mlima wa ng'ambo ya bonde, nao wana kidungwi. Bonde lenyewe unalivuka kwa miguu na ukala chakula cha mchana upande wa pili. Lakini kidungwi halivuki. Amezoea ukungu, na bonde lina joto. Akifika ukingoni mwa msitu anageuka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Amekuwa akigeuka hivyo tangu zamani zisizojulikana, wa kwetu huku, wa kwao kule, na bado wakiimbiana kidogo tu wanaelewana.

Na msitu wa Mvuleni ni mkubwa kuliko wetu.

*

Kiatamizi alikileta Senkoro. Alikinunua mjini kwa mtu aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, na hiyo peke yake ilitosha kumtia mtu shaka. Kilikuwa kama sufuria ya bati yenye mfuniko wa kioo. Unaweka mayai, kinayatia joto, na wakati huohuo kinayaimbia. Kina mwale fulani mwembamba unaopenya ganda na kufungua sikio la kifaranga kabla hajawa na mdomo. Wimbo anaousikia humo ndio anaotoka nao, na hawezi kujifunza mwingine. Wala hamtambui ndege asiyeuimba, hata kama ni baba yake aliyemzaa.

"Na wanakua kama chachu," Senkoro akasema. "Mvua zikiisha wanaimba. Wapimaji wakija, wanakuta ndege wa Ndorwe haelewani na ndege wa Mvuleni. Basi, tunao wetu."

"Wimbo gani tuwafundishe?"

"Wowote usio wa ndege. Piga mluzi."

Mimi nilikuwa nachambua maharage, na maharage hayataki mtu anayefikiri. Nikapiga mluzi uliokuja mdomoni. Kiatamizi kikaudaka, kikaanza kuyaimbia mayai ya kidungwi tuliyoyatoa viotani.

Mluzi uliokuja mdomoni ulikuwa wa Kajiru.

Watu wa Mvuleni ni watani wetu. Tunatukanana nao msibani, harusini, zahanati, na hakuna anayekasirika. Anayekasirika anatozwa jogoo. Zamani kidogo, mimi nikiwa msichana, mzee wao mmoja aliyeitwa Kajiru alipewa zamu ya kulinda maji ya ndiva yao. Akaoga, akaanika suruali ukingoni, akasinzia. Maji yakafunguka, yakaichukua suruali, yakaipeleka hadi mashamba ya sokoni, na Kajiru akaifuata mbiombio huku kajifunika jani la mgomba. Wanawake wa Ndorwe tulitunga wimbo juma hilohilo. Sisi tunapiga mluzi wa kwanza: *Kajiru, suruali iko wapi?* Na mtu yeyote wa Mvuleni anayeusikia, awe amelala, awe kanisani, lazima arudishe mluzi wa pili: *Mmeivaa nyinyi wa Ndorwe!* Asiporudisha ameshindwa, na atachekwa mpaka wajukuu. Nimeshuhudia mama mmoja wa Mvuleni akirudisha mluzi akiwa na uchungu wa kujifungua. Mtoto alitoka na kichwa kikubwa lakini heshima ilibaki.

Sasa sikilizeni nilivyokosea. Kidungwi haimbi peke yake. Huku kwetu dume na jike wanaimba wote, mwaka mzima, kwenye kijieneo chao kimoja wasichokiacha. Mmoja anaanza, mwenzake anamalizia, na hivyo ndivyo wanavyojuana kuwa ni mume na mke. Mimi niliyafundisha mayai mluzi wa kwanza tu. Wa pili sikuupiga, wala haukunijia akilini. Wa pili ni wa Mvuleni. Mwanamke wa Ndorwe hawezi kuupiga mluzi ule hata ukimtishia panga.

Kwa hiyo nilitengeneza ndege wa kuuliza tu. Wa kujibu sikutengeneza.

Walipoanza kuimba, Senkoro alicheka hadi akakohoa. Mimi pia nilicheka, siku ya kwanza. Siku ya pili nikawasikia tena. *Suruali iko wapi?* kutoka kwenye mti wa mfudu. *Suruali iko wapi?* kutoka juu ya mwamba. Kila mmoja anauliza, ananyamaza, anasubiri, anageuza kichwa, anauliza tena. Nilimwona kidungwi wa asili, dume hodari, akimwimbia jike wangu mmoja wimbo wa mababu zao, wote kabisa, na kumwachia nafasi ya kumalizia. Yule jike alimtazama jinsi unavyomtazama mtu anayekuuzia sabuni ukiwa umeshanunua. Akaruka zake.

Toka hapo nikaanza ugonjwa wa kutokaa.

"Senkoro," nikamwambia, "wale hawataoana. Wao kwa wao hawajibizani, na wa asili hawawatambui."

"Wataishi mpaka cheti kitoke. Hicho ndicho tunachokitaka."

"Na baada ya cheti?"

Hapo akaangalia maji. "Wapimaji watarudi kukagua. Msimu ujao tunaweka mayai yote."

"Yote? Hata ya wale wa asili?"

"Yote, Nakijwa. Mlima mmoja hauwezi kuwa na nyimbo mbili. Watashtuka."

"Basi hatutakuwa na kidungwi hata mmoja anayejibiwa. Watazeeka wakiuliza, wataisha."

"Na ndiva ikikauka, wewe utamuuliza nani?" akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kubishana na nafsi yake na kushindwa. "Niambie kitu kingine cha kufanya, nitakifanya leo."

Nikachukua ufagio.

*

Wapimaji walikuwa wawili. Wa kwanza aliitwa Daktari Eskil, mrefu, wa nchi za barafu, mwenye Kiswahili cha kupigwa pasi. Alimwamkia shikamoo kila aliyemkuta njiani, hadi binti aliyekuwa amebeba mtoto mgongoni, na yule mtoto pia.

Wa pili alikuwa amebeba mashine, na nilipomwona nikatamani mlima unimeze. Alikuwa Naanjela wa Mvuleni. Kumbe siku hizi yuko kazini kwenye Mamlaka ya Ndege. Naanjela, mjukuu wa Kajiru.

"Mtani!" akaniita toka mbali. "Bado hujafa?"

"Nilikuwa nangoja uje unizike. Umekuja na sanda, au umekuja na njaa tu kama kawaida yenu?"

"Nimekuja na makande yangu. Ya Ndorwe naogopa, mnachemsha kokoto mkidhani ni mahindi."

Daktari Eskil akatabasamu kwa wasiwasi, kama mtu asiyejua kama ni ugomvi. Naanjela akamtuliza. "Ni mtani wangu, Daktari. Akiniheshimu ndiyo ujue anaumwa."

Tukawapeleka kwenye kipande cha msitu juu ya ndiva. Hapo ndipo tulipowaachia ndege wangu. Wale wa asili tulikuwa tumewanasa kwa nyavu na kuwahamishia nyuma ya mwamba wa juu, kwenye msitu usiowatosha. Kila tawi lilipotikisika, roho yangu ilitikisika nalo. Akirudi mmoja tu wa asili, tumekwisha.

Naanjela akaitua mashine chini. Wanaiita Msikizi. Ina miguu mitatu, sikio kama kipaza sauti cha msikitini, na taa mbili: ya buluu maana yake spishi tofauti, nyekundu maana yake spishi moja.

"Inafanyaje kazi?" Senkoro akauliza, kana kwamba hakuwa amemuuliza yule mtu wa miwani mara mia.

"Haitazami manyoya," Daktari Eskil akasema. "Manyoya yanadanganya. Inasikiliza nani anamjibu nani. Tunawapigia ndege wa huku wimbo wa Mvuleni. Wakiujibu, wanatambuana, ni spishi moja. Wakiupuuza, wameshaachana. Kisha tunarekodi wimbo wa huku, na tunangoja kama Mvuleni watajibu." Akaonyesha kinasa sauti kidogo kilichoning'inia shingoni mwa Naanjela. "Hiki kimeandikishwa Mvuleni: kingine kama hiki kiko kule msituni kikiwapigia ndege wimbo wa huku, na jibu lolote linaloingia humu Msikizi analihesabu kuwa la Mvuleni. Amekaa nacho kule juma zima akisikiliza."

Msikizi akaimba wimbo wa kidungwi wa Mvuleni. Wimbo mzuri, wa kale, wenye nafasi katikati ya kumpisha mwenzako. Dume wangu mmoja alikuwa kwenye tawi, karibu kabisa. Akajikuna ubavu. Akaangalia pengine. Taa ya buluu ikawaka.

Senkoro akanibana mkono kwa furaha. Mimi nikahisi kama mtu aliyeona mtoto wake akimpita babu yake njiani bila kumsalimia.

Daktari Eskil hakufurahi wala hakukasirika. Aliketi juu ya jiwe, akavua kofia. "Bibi, naomba nikueleze kinachonisumbua. Kwetu barafu ilikuwa inashuka, inafuta nchi nzima, inarudi. Ndege walionusurika walitawanyika, wakatengana, na kwa muda mfupi wakawa spishi mpya. Barafu ikirudi tena, nyingi zinakufa. Mimi ni katika wanaoamini kwamba kwetu spishi huzaliwa haraka na hufa haraka, ingawa wenzangu wengine wanabisha. Huku kwenu hakuna barafu iliyofuta kitu. Mnagawanyika polepole sana. Lakini hamfutiki, ndiyo maana ndege wenu ni wengi."

"Yaani kwenu ni chipsi," nikasema, "kwetu ni makande."

Akacheka kweli. "Ndiyo. Na makande ya haraka, bibi, yakoje?"

"Yanauma tumbo," nikasema, kisha nikaumwa tumbo.

"Nilisikiliza rekodi za mlima huu za zamani. Wimbo ulikuwa karibu sawa na wa Mvuleni. Leo nakuta ndege asiyeujua kabisa. Kuachana kwa namna hii, hapa, kungehitaji muda mrefu mno. Hawa wameachana kama wa kwetu. Haraka, haraka."

Na palepale, kama aliyetumwa, dume wangu akafungua mdomo.

*Kajiru, suruali iko wapi?*

Nikamwona Naanjela. Alikuwa ameinama akifunga mguu wa Msikizi, akabaki hivyohivyo ameinama. Masikio yake tu ndiyo yaliyosimama.

*Kajiru, suruali iko wapi?* akauliza mwingine juu ya mfudu.

Naanjela akainuka polepole, akaja akasimama kando yangu kama anayeomba maji ya kunywa. "Mtani," akanong'ona bila kutikisa midomo, "umemtia babu yangu kwenye koo la ndege?"

"Maji yatakauka," nikanong'ona. "Wataweka vioo hadi hapa tuliposimama."

"Na wa asili?"

"Wako nyuma ya mwamba."

"Na hawa, nani anawajibu?"

Nikatafuta ufagio kwa macho. Hicho ndicho kilichonikosesha kukaa miezi yote ile, na yeye alikuwa amekiona kwa kusikia mara mbili tu. Naanjela akawatazama ndege, mmoja mmoja, wakiuliza na kusubiri.

"Mtani akikutukana si kwamba anataka ufe," akasema. "Shangazi yangu ameolewa hapa. Leo nitanyamaza. Lakini msimu ujao msiguse yai hata moja. Niahidi."

"Naahidi," nikasema. Senkoro alikuwa nyuma yetu, na sikumsikia akiahidi.

"Bibi," Daktari Eskil akaita, "wimbo huu una umri gani?"

"Bibi yangu aliukuta," nikasema. "Na bibi yake."

"Na wewe, Bi Naanjela? Umekulia ng'ambo tu hapo. Umewahi kuusikia Mvuleni?"

Naanjela akakaza shingo. "Sijawahi, Daktari. Hata siku moja."

"Kwa ndege, au popote?"

"Popote."

"Vizuri." Akageuza kitufe kwenye Msikizi. "Basi tusikilize. Wakiimba na Mvuleni isipojibu mpaka jua lifike juu ya mwamba, nitatia sahihi."

Sijawahi kuona jua likitambaa vile. Ndege wakauliza suruali. Wakanyamaza wakasubiri. Wakauliza tena. Naanjela alikuwa amekaa kwenye mzizi, na kila mluzi ulipokuja nilimwona akiupokea mwilini kama kofi. Kwanza aliuma kucha. Kisha akauma ncha ya kitenge. Akaanza kuhesabu majani, akaacha. Akajimwagia maji usoni. Ukoo mzima wa Kajiru, waliozikwa na walio hai, ulikuwa umekaa nyuma ya meno yake ukisukuma mlango.

Mimi nilitaka kukimbia, nilitaka kufagia msitu, nilitaka jua lifike na nilitaka lisifike. Kwa sababu likifika, ndiva imepona. Na likifika, Senkoro atakiwasha kiatamizi.

Jua lilikuwa limegusa mwamba kwa ukucha. Yule dume wangu wa kwanza, aliyeniharibia kilemba, akashuka tawi la chini kabisa, mbele ya Naanjela. Akainamisha kichwa. Akauliza taratibu, kama anayeuliza kwa mara ya mwisho.

Naanjela akajibu.

Ulimtoka kama kwikwi: *Mmeivaa nyinyi wa Ndorwe!* Mluzi mzima, wenye mkia wake wa dharau mwishoni. Kinasa sauti cha shingoni kikaudaka. Msikizi akatingishika kwenye miguu yake mitatu, taa ya buluu ikazimika, nyekundu ikawaka, na sauti ya kike isiyo na haraka ikasema: "Mvuleni imejibu Ndorwe. Spishi moja."

Hakuna aliyecheka. Hata Senkoro.

Aliyefurahi ni ndege. Maisha yake yote alikuwa ameuliza bila kujibiwa na mtu, na sasa amejibiwa. Alisimama ameduwaa, manyoya yote yamemsimama. Kisha akaruka kutoka tawini, akapita mbele ya pua ya Daktari, akatua juu ya kichwa cha Naanjela, akajipanga vizuri kwenye nywele kama mtu aliyefika kwake.

Daktari Eskil akavaa kofia yake taratibu. Akamtazama ndege, akamtazama aliyebeba ndege.

"Bi Naanjela," akasema kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali, "ulisema hujawahi kuusikia wimbo huu."

"Sijawahi," Naanjela akasema, ndege akiwa kichwani.

Ndege akauliza suruali iko wapi.

Na mdomo wa Naanjela, mbele ya macho yetu sote, ukamjibu.